Matairi ya Theluji kwenye Njia ya Mbwera

Mie ni mpishi wa shughuli. Napika pilau la harusi, ubwabwa wa hitima, na biriani kwa wale wanaotaka kusifiwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha udereva, maana sufuria la watu mia mbili halipandi bodaboda. Gari langu ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kutoka Japani ambacho injini yake imelala chini ya viti vya mbele, kiasi kwamba ukienda mbali unakuwa kama umekalia jiko. Nyuma napakia masufuria, mafiga ya chuma, magunia ya mkaa na madumu ya maji. Kando yangu anakaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tumepika pamoja miaka mingi na hatujawahi kukubaliana kiasi cha chumvi.

Gari lilipoingia Kibiti kwa mara ya kwanza nililipeleka kwa fundi wangu wa matairi, mtu mzima mwenye kibanda karibu na stendi. Alilizunguka, akachuchumaa, akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

"Mama, haya ni ya baridi," akasema.

"Ya baridi kivipi?"

"Ya baridi. Ya hukohuko kwao. Hapa kwetu hayafai."

Nilimuuliza baridi na tairi vinahusiana nini. Akaniambia kwamba yeye aliwakuta wakubwa wake wanasema hivyo, naye anasema hivyo. Akayavua yote manne, akanifungia ya lami, na yale ya baridi nikarudi nayo nyumbani kwa sababu sina mazoea ya kutupa kitu kizima. Nikayapanga uani. Kuku mmoja akaona amejengewa nyumba, akaanza kutagia humo.

Yangebaki huko mpaka leo kama si masika yaliyofuata. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kupika kijiji kimoja ndani ya Mtawanya, si mbali hata kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kwenye mteremko mdogo gari likaserereka, likageuka ubavu polepole kama mtu anayetafuta pa kukaa, likaingia mtaroni. Matairi yangu ya lami yalikuwa mazuri, hayana hata dalili ya kipara, lakini kwenye utelezi yalizunguka bure. Watu walitukwamua, Mungu awalipe. Pilau lililotakiwa saa saba mchana liliiva saa kumi na moja jioni. Bwana harusi alikula mkate na soda. Hakuna aliyenitukana. Mama wa bibi harusi alinishika mkono tu, akasema, "Pole, ni njia." Nikatamani angenitukana.

Basi mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa imeingia kumi la mwisho, nikapata kazi ya Mbwera. Harusi nyingi za huku hungoja Mfunguo Mosi, watu wakishafungua, na siku hizi Mfunguo Mosi na masika vinakuja vimeshikana mikono. Kwenda Mbwera kutoka Kibiti unapita lami kidogo, kisha udongo, kisha mashamba ya mpunga, mpaka unafika pale magari yanapoishia na boti zinapoanzia. Nilikubali kwanza, hofu ikaja baadaye.

"Safari hii tukikwama," wifi akasema, "mie narudi kwa miguu na sufuria langu kichwani."

Tatizo langu ni kwamba safari zangu ndefu zote zina tabia moja: zinaanzia kwenye lami na zinaishia matopeni. Niende Somanga, niende Muhoro, saa nzima au mbili ni lami nyeusi inayong'aa, halafu dakika ishirini za mwisho ndizo zinazoamua kama watu watakula. Sasa mtu avae kiatu cha wapi? Nilimuuliza fundi kuhusu matairi ya matope, yale yenye kashata kubwa kubwa, vile vipande vya mpira vinavyouma ardhi. Akasema kwa ringi kumi na mbili hayapatikani kirahisi, labda Dar es Salaam, tena kwa kuagiza. Ndipo nikakumbuka yale ya uani.

Nilimhamisha kuku, nikayaosha kwa brashi ya masufuria, nikakaa nayo kivulini. Sikuwahi kuyatazama sawasawa. Kashata zake zilikuwa nene, na juu ya kila kashata kulikuwa na mikato myembamba ya kupindapinda, mingi, imekaribiana kama chale za samaki anayeandaliwa kwa kukaangwa. Ukiikunja kashata kwa kidole, ile mikato inafunguka, ukiachia, inajifunga. Ubavuni palikuwa na maandishi ya Kijapani, na chini yake mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, ndani ya mlima kuna ua la petali sita. Nilidhani ni alama ya kiwanda.

Siku iliyofuata niliyapakia garini ili nimpelekee fundi ayaangalie, nikapitia kwanza duka la viungo kununua iliki na mdalasini. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Kibiti, na baba yake kazaliwa hapahapa. Kiswahili chake ni cha pwani kuliko changu. Nikimwamkia shikamoo huitikia kwanza, kisha huuliza nani kafa na nani kaolewa. Aliyaona matairi kupitia dirishani, akavaa miwani, akatoka nje. Sijawahi kumwona akitoka nje ya duka lile kwa ajili ya mteja.

"Umeyatoa wapi haya, mwanangu?"

"Yalikuja na gari."

Akaweka kidole juu ya ule mchoro. "Unajua hii ni nini?"

"Ua."

"Si ua. Hii ni theluji. Punje moja ya theluji ukiitazama kwa karibu iko hivi, ina pembe sita. Binti yangu Kanada alikuwa nayo kwenye gari lake, alama hiihii."

Nilijua alikwenda kukaa kwa binti yake huko miaka miwili, kulea mjukuu. Sikujua kwamba alirudi na elimu ya matairi. Tulisimama pale juani, tumefunga wote wawili, yeye kwa saumu ya Ramadhani kama mimi, na akanieleza. Alisema kule gari linabadilishwa matairi kwa msimu, kama mtu anavyobadili nguo. Baridi ikianza, binti yake anapeleka gari kufungwa haya. Joto likirudi, anayavua.

"Nami nilimuuliza kama unavyoniuliza wewe. Kwa nini usiyaache mwaka mzima? Akaniambia, mama, mpira wake umepikwa laini makusudi, ili baridi isiufanye mgumu kama kwato. Ukiendesha nayo kwenye joto yanalika kama sabuni."

"Na theluji yenyewe ikoje ukiikanyaga?"

Akavua miwani. "Inalia. Umewahi kufinya unga wa wanga mkavu? Ile krr, krr. Na ukiifinya inashikana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo siri ya hizi chale. Tairi linajaza theluji humu ndani, halafu theluji ya kwenye tairi inaishika theluji ya chini."

"Je, kwenye matope?"

"Hapo sasa," akacheka, "kule sikuona matope."

Nikaondoka na iliki yangu na swali ambalo halikunipa raha. Theluji inaishika theluji. Je, tope linalishika tope? Ukinipa unga nitakuambia kabla ya kuugusa utashikana au utamwagika. Lakini sikuwahi kulifikiria tope la Rufiji kwa namna hiyo, na nimelioga tangu utoto.

Fundi aliyafunga huku akiguna. "Mama, mie nimekwambia."

"Umeniambia hayafai. Hujaniambia kwa nini."

"Basi kajue mwenyewe, uje uniambie."

Alasiri hiyo ilinyesha. Nikamchukua wifi, tukaenda kwenye mteremko uleule wa Mtawanya. Nilikuwa nimepakia madumu sita ya maji ili gari liwe na uzito wa kazini.

"Wifi," akasema, "magharibi inakaribia, sijakoroga hata uji, na wewe umenileta kupima matope?"

"Shuka usimame pale, uniambie kama matairi yanazunguka bure."

Alishuka, akainua baibui mpaka magotini, akasimama kando kama askari wa usalama barabarani. Nikaweka fowili, magurudumu yote manne yavute, nikateremka, nikageuza, nikapanda. Gari lilipanda. Halikuserereka hata kidogo. Nikarudia mara tatu, mara ya nne nikasimama katikati ya mteremko makusudi na kuondoka tena. Udongo wa pale ni mwekundu wenye mchanga mwingi, na nilipochungulia chini niliona zile chale zimejaa mchanga na kujiachia, zinajaa na kujiachia. Wifi alikuja akichungulia nami.

"Yanafaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilikuwa nimeshaamua kuyaacha masika yote, lami na matope, niende nayo mpaka Lindi nikitaka. Lakini maneno ya sabuni yalikuwa bado yananikereketa, na siku mbili baadaye nilikuwa na safari ya Nyamwage kumpelekea mama yangu tende na unga wa ngano. Nikasema, vizuri, lami nayo iseme.

Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile jua la masika linalochoma kama linalipiza kisasi. Mpaka Ikwiriri sikuona tofauti. Baada ya kuvuka daraja la Rufiji, barabara ikiwa imenyooka na mimi nimekanyaga mafuta kidogo, nikaanza kuhisi gari linayumba. Si kuyumba kwa upepo. Ni kama gari limewekwa juu ya godoro, nikigeuza usukani mwili wa gari unachelewa kufuata. Basi la kusini liliponipita, nikarekebisha usukani, gari likaenda zaidi ya nilivyotaka, likarudi zaidi ya nilivyotaka. Niliendesha mwendo wa mkokoteni mpaka Nyamwage.

Nje ya nyumba ya mama nilishuka nikaligusa tairi la nyuma. Niliondoa mkono haraka, lilikuwa la moto kama kifuniko cha sufuria. Pembeni mwa kashata mpira ulikuwa umeanza kutoka vipande vidogo vyeusi, kama ufutio wa mwanafunzi. Niliviokota vitatu nikaviweka kiganjani. Mama alitoka, akaniona nimechuchumaa nyuma ya gari natazama mkono wangu.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Naangalia tairi linavyolika."

"Tende ziko wapi?" akauliza, na alikuwa na haki.

Nilingoja mpaka jua lipungue nguvu ndipo nikarudi Kibiti, polepole, madirisha wazi. Njiani niliwaza. Mama wa duka alikuwa amesema kweli, na fundi naye, na mteremko wa Mtawanya ulisema kweli yake. Kwa safari ya lami ndefu, hapana. Hilo lilikuwa limekwisha. Lakini Mbwera haikuwa lami ndefu. Lami yake ni ya kumaliza kabla jua halijapanda, na iliyobaki yote ni udongo. Nikaamua: Mbwera nitakwenda nayo, nitoke asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, na nikirudi tu nayavua. Fundi, nilipomweleza, alinipa pampu ya mguu ya kuazima. "Ukifika matopeni punguza upepo, tairi likae pana," akasema. "Ukirudi kwenye lami jaza. Hilo sihitaji Mjapani aniambie."

Siku ya safari, Idi ikiwa imeshapita, tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, masufuria yakigongana nyuma. Lami ilituchukua vizuri. Tulipoingia kwenye udongo nilipunguza upepo, nikaweka fowili, na kwa saa nzima nilikuwa dereva bora kuliko wote wilayani. Tulipita sehemu ambako bodaboda walikuwa wamezibeba pikipiki zao. Tulimpita mwenye kipikapu aliyekuwa akiweka matawi chini ya magurudumu, nikampigia honi ya pole. Wifi akaniambia nisijivune, nikamwambia sijivuni, nafurahi.

Halafu tukaingia kwenye bonde la mpunga.

Kule udongo ni mweusi, mfinyanzi mtupu, ule ambao bibi zetu walichimba wa vyungu. Haukuonekana mbaya. Ulikuwa umelala laini, unang'aa. Gari likaenda hatua kama thelathini, kisha usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu, mwepesi wa ajabu, na nikajua kwamba magurudumu ya mbele hayasikii tena. Tukasimama. Nikakanyaga mafuta, yakazunguka bure. Nikashuka, nikazama mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikaenda kutazama.

Sitasahau nilichokiona. Matairi hayakuwa na kashata wala chale. Yalikuwa yamepakwa, yamejaa, yamekuwa mviringo laini kama chungu kilichokwisha kupigwa msasa. Tope lilikuwa limelishika tope, sawasawa na theluji, lakini lilikuwa limelishika la kwenye tairi tu na kuliachia lile la chini. Nilisimama pale, harusi inanisubiri, na badala ya kulia nikawa nalikuna tairi kwa kucha nione tope limeingia chale kiasi gani.

"Wifi!" aliita dada wa mume wangu kutoka garini. "Tumekwama au tumefika shuleni?"

"Tumekwama. Njoo uone lakini."

"Sitaki kuona. Nataka kuondoka."

Akashuka hata hivyo. Alitazama, akasonya, akapanda nyuma kwenye masufuria, na akarudi na miiko miwili ya pilau, ile mirefu ya mti yenye kichwa kipana. Mmoja akanipa mimi.

"Si huo!" nikasema. "Huo ndio wa kazi leo."

"Leo kazi ni hii. Tukifika kwa watu tutauosha."

Basi tukakwangua. Mwiko wa pilau umetengenezwa kufikia chini ya sufuria na kugeuza bila kuvunja, na kumbe ndicho chombo hasa cha kuondoa mfinyanzi kwenye tairi. Tope lilitoka vipande vipana kama maganda. Tukimaliza tairi moja tunatandika majani ya mpunga makavu mbele yake. Watu wawili waliokuwa shambani walikuja na magunia matupu, wakatandika nao, wakasukuma. Gari likatoka, likaenda hatua hamsini, likapakwa tena. Tukakwangua tena. Mara nne tulifanya hivyo mpaka bonde likaisha. Wifi alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Tulipopanda gari kwa mara ya mwisho tulitazamana, tukacheka mpaka tukashindwa kuondoka.

Tulifika mwisho wa barabara saa tatu na nusu. Boti ya injini iliyotumwa kutoka Mbwera ilikuwepo, lakini imekaa kwenye tope, maji yametoka. Nahodha akasema tungoje kiasi cha saa moja maji yajae. Tulishusha masufuria, tukaosha miiko kwa maji ya madumu na sabuni na ndimu, tukaosha tena. Kisha tukakaa.

Karibu nasi alikuwa mfanyabiashara wa kamba, na pikapu yake ina makasha meupe. Kamba wake walikuwa wamefika na boti ya alfajiri, wamefukiwa ndani ya barafu iliyosagwa, naye alikuwa akiwahamishia kwenye barafu mpya aliyokuja nayo. Ile ya zamani alikuwa anaimwaga topeni kwa ndoo. Niliitazama ikimwagika, nyeupe, laini, inatoa mvuke. Nikasimama kabla sijajua nimesimama.

"Kaka, hiyo barafu unaitupa?"

"Naitupa, mama. Imeshanuka kamba."

"Nitupie hapa basi."

"Wapi?"

"Mbele ya gari langu. Mbele ya tairi."

Alinitazama, akamtazama wifi. Wifi alikuwa amejifunika mtandio usoni. Nikamweleza yule bwana kuhusu ule mlima na punje ya pembe sita, na kwamba matairi haya yametengenezwa kwa ajili ya kitu ambacho hayajakiona tangu yafike Tanzania. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda akaliangalia tairi, akatafuta ule mchoro, akauona.

"Kweli bwana," akasema, na akaniletea ndoo mbili, na ya tatu.

Tulisambaza ile barafu kwa ubao kwenye sehemu ya chini ya mwinuko unaoshukia kwenye boti, ikawa utandu wa kimo cha kiganja, mrefu kiasi cha mkeka. Watu wa boti walisogea. Nahodha alisogea. Nikapanda, nikaliendesha gari taratibu sana. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nisikie, na nikasikia. Ililia. Si kama wanga, kama kutafuna sukari guru, lakini ililia. Nikasimama katikati, nikaondoka tena kwa mwinuko, na tairi halikuzunguka bure hata mara moja.

Niliposhuka wote walikuwa wameinama. Juu ya ile barafu tairi lilikuwa limeacha nyayo zake, kila kashata na kila chale, imechorwa safi kama mchoro wa hina. Kule kwenye mfinyanzi halikuwa limeandika chochote.

"Hebu nami," akasema yule bwana wa kamba. Pikapu yake ilikuwa na matairi ya kawaida. Aliingia kwenye kipande kilichobaki, akasimama katikati kama mimi, akaondoka. Tairi lake la nyuma likazunguka mara mbili, likairusha barafu mpaka kwenye kanzu ya nahodha, ndipo likashika. Watu wakapiga makofi. Sitaki kuongopa, jaribio lenyewe halikuwa la haki. Pikapu yake ilikuwa nzito, barafu ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, na mkeka mmoja wa barafu si nchi ya theluji. Lakini nahodha, huku anajikung'uta, aliniuliza, "Kwa hiyo kule kwao nchi nzima iko hivi?" Nikamwambia nimeambiwa miezi mingi iko hivi. Akatikisa kichwa. "Na wanakwenda kazini?"

"Wanakwenda."

"Haya," akasema. "Maji yamejaa, pakieni."

Mbwera tulifika saa tano, tukawasha moto saa tano hiyohiyo. Walikuwa wametuandalia kuni za mkoko, zinawaka kwa ukali hata ikanibidi niondoe vijinga viwili chini ya nyama. Mchele ulikuwa wao wenyewe, wa bonde, unaonukia kabla haujachemka. Pilau liliiva saa nane kasoro. Walikuwa wamechelewa kidogo kuliko walivyopanga, lakini harusi ya delta inapangwa kwa maji, na siku hiyo maji yenyewe yalikuwa yamechelewesha hata baba wa bwana harusi. Walikula, wakaongeza. Mama mmoja alikuja jikoni akauliza mwiko ule tumeununua wapi. Wifi akamwambia hauuzwi.

Tulirudi siku ya pili yake. Mvua ilikuwa imekata na mfinyanzi umeanza kukauka, tukapita kwa kukwangua mara moja tu. Nilijaza upepo kwa pampu kabla ya lami, mguu ukaniuma wiki nzima. Fundi aliyavua matairi siku hiyohiyo, akarudisha ya lami, nikamweleza yote, kuanzia wanga mpaka kamba. Hakuguna. Aliuliza maswali mpaka tairi la mwisho likafungwa.

Ya theluji sikuyarudisha uani. Mtu mmoja wa Mtawanya anayesomba mpunga kwa mkokoteni wa ng'ombe aliyaomba, na njia zake zote ni mchanga na ule udongo mwekundu, hakimbii, wala hapiti lami. Nilimpa. Nikamwonya tu kuhusu bonde jeusi.

Kwa upande wangu niliagiza Dar es Salaam matairi mawili ya nyuma yenye kashata za wastani, si ya matope kabisa wala si ya lami kabisa, na yalichukua mwezi kupatikana. Kabla ya kulipa niliyabonyeza kwa kidole, nikayakunja, nikauliza yana umri gani na yametengenezwa kwa ajili ya nchi ya namna gani. Muuzaji alinijibu kwa adabu, akidhani labda natoka serikalini. Safari yake ya kwanza ilikuwa Somanga, kwenye hitima, mvua inanyesha njia nzima. Gari lilishika lami, likashika na udongo wa mwisho, si kwa ufundi wa kusifika, kwa kutosha tu. Wifi alilala tangu Nyamwage mpaka tulipofika, mdomo wazi, nami sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba yameshika.